Nilivyoyafanya Mabehewa Kuwa Mayatima

Filimbi tatu fupi, kisha moja ndefu inayopanda juu kama mvuke unaotafuta pa kutokea ndani ya birika. Nilikuwa naunganisha mikono ya sare ya shule mlio huo ulipotoka nyuma yangu, na mguu wangu ukaganda juu ya pedeli ya cherehani. Mteja wangu, mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni la harusi ya mwanawe, alidhani uzi umekatika.

"Imeharibika?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni hiyo treni."

Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa ameketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, ameshika simu ya nyanyake kwa mikono miwili. Nikamwomba aanze kipindi tena tangu mwanzo. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu anayeombwa chakula chake, lakini akanisogezea nafasi. Nikaketi chini. Kilikuwa kipindi kilekile cha utotoni mwangu. Nilikitazama dakika zake zote kumi na mbili, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikauona mwisho wake.

Mkiniuliza mimi, kama hadithi ya watoto si mbaya. Treni zina macho na midomo, zinaishi kwenye stesheni iliyo katikati ya vilima vya kijani, na kila siku hutokea shida ndogo inayokwisha kabla ya wimbo wa mwisho. Katika kipindi hiki, mabehewa matatu yaliyozoea kutembea pamoja yamechakaa kulabu, yaani vile vyuma vinavyoshikanisha behewa moja na jingine. Mkuu wa stesheni anaamuru yapelekwe karakana tatu tofauti. Huko yanagongwa nyundo na kupakwa grisi, na jioni yanarudi yakiimba. Basi. Rangi zake ni nzuri, na mvua yake inanyesha kama mvua ya kweli. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni moja tu: aliyekitunga aliamini kwamba kila mtoto atafika salama hadi jioni ile ya kuimba. Hakumfikiria mtoto atakayekatiziwa katikati.

Sisi tulikatiziwa katikati.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Mdogo wangu Kioko alikuwa na minane, na Mumbua, kitinda mimba wetu, mitano. Baba alikuwa ametangulia kaburini, Mumbua akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama alimfuata mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza, na udongo wa kaburi lake ulikuwa bado haujaota nyasi wakati wa mambo haya ninayowaambia. Tuliishi katika nyumba yetu ya matofali, vyumba viwili, kwenye mteremko usio mbali na soko la Mitaboni. Tukitoka shule, kabla ya kwenda kuteka maji, tulipitia kwa jirani yetu Mama Kasyoka.

Mume wa Mama Kasyoka alifanya kazi katika kiwanda kule Athi River na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ndiye aliyeleta televisheni. Nyumba yao ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ungeweza kuhesabu meno yako ndani yake, na harufu ya rangi ile ya sakafu, nzito na tamu kidogo, ilikupokea tangu mlangoni.

"Miguu kwanza!" angepaza sauti hata kabla hatujabisha. "Mnataka kuniletea shamba lote kwa nyumba?"

Tuliosha miguu katika karai la maji baridi, tukaingia kwa vidole kama wezi, tukaketi ukutani. Naye angeondoa kitambaa cha kufuma juu ya televisheni taratibu, kwa vidole viwili, kama anayemfunua bibi harusi.

Treni zile zilizungumza Kiingereza cha haraka, cha puani, na wadogo zangu hawakuambulia neno. Hivyo tulizipa majina yetu. Kichwa kikubwa chekundu kilichopenda kujigamba tulikiita Pilipili. Kichwa kizee kilichovaa miwani kilikuwa Susu, yaani nyanya mzaa mama. Yale mabehewa matatu tuliyaita tu "wale watatu", na Mumbua alikuwa amekwisha kutangaza kwamba lile la njano, la mwisho na dogo kuliko yote, ni yeye. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona treni kwa macho. Mumbua alipouliza kama treni za kweli pia zinaongea, Kioko alimjibu kwamba zinaongea, lakini ni kwa wale waliofaulu Kiingereza.

Mimi ndiye niliyekuwa nimefaulu. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, au wa pili kama Mutheu hakuugua siku ya mtihani, na kazi yangu pale ukutani ilikuwa kunong'ona. Treni ilisema, nami nikasema. Neno nililolijua nililitafsiri, nisilolijua nililiruka, na nilipoona nimeruka mengi mno nilitunga. Wadogo zangu hawakunitilia shaka hata siku moja. Hadi leo nikikumbuka jinsi walivyokuwa wakiitazama midomo yangu badala ya ile ya treni, naona haya kidogo.

Jioni tulipokuwa tukichambua maharagwe ya kupika, ndipo tulipokichambua na kipindi. Uteo mmoja katikati, vichwa vitatu juu yake. Kioko alitoa mawe na hukumu: nani alikosea, nani angepigwa kama angekuwa mtoto wa Mama, nani hakustahili kusamehewa. Mumbua alikuwa upande wa yeyote aliyelia. Mama alipokuwa hai alizoea kusema kwamba maharagwe ya nyumba yetu yanachelewa kuiva kwa sababu yamesikia maneno mengi.

Sasa nije kwenye wiki yenyewe.

Jumapili, Baba Mdogo Musau, aliyemfuata baba yetu kuzaliwa, alikuja kutoka Muthetheni. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyejua kuongea na watoto. Alizunguka nyumba, akaangalia bati, akaangalia ghala, akatuangalia na sisi kwa jicho lilelile. Kisha akavuka ua kwenda kwa Mama Kasyoka. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko la Mama Kasyoka nikirudisha sufuria, nikamsikia akisema:

"Jumamosi ukoo unaketi. Hawa watatu lazima wagawanywe."

Niliweka ile sufuria chini polepole sana, kama vile mlio wake ungeweza kuharakisha Jumamosi. Sikumwambia mtu. Nilirudi nyumbani, nikawapakulia wadogo zangu muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikawatazama wakila. Nilijua vitu vinavyogawanywa. Shamba hugawanywa. Mbuzi wa mahari hugawanywa. Sikujua watoto hugawanywa vipi, kama ni kwa ukubwa au kwa umri au kwa jinsi wanavyopendwa, na ikiwa ni kwa jinsi wanavyopendwa, sikujua nani angenichukua mimi.

Jumanne kikaja kipindi kile.

Kilianza na mvua. Wale watatu walikuwa wamesimama peke yao kwenye reli ya kando, maji yakiwatiririka machoni kama machozi. Mkuu wa stesheni akafika na mwavuli wake, akainama, akatazama chini ya tumbo la behewa moja, akatikisa kichwa. Akasema sentensi mbili. Katika ile ya kwanza nilisikia neno "kapling".

Sikuwahi kulisikia. Lakini nilijua neno lililofanana nalo kama pacha, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa ametuandikia ubaoni muhula uleule: kapo ni mume na mke. Kwa hiyo nilijua, au nilidhani nimejua. Mkuu wa stesheni alisema kapo yao imekwenda. Mume na mke wao hawapo. Na sentensi ya pili niliielewa yote bila shida, kila neno: hawawezi kukaa pamoja tena.

Nikanong'ona: "Anasema baba na mama yao wamekufa. Hawawezi kukaa pamoja tena."

Leo najua kapling ni zile kulabu za chuma. Mara nyingi nimejiuliza kama ni Kiingereza changu kilichonidanganya siku ile, au ni lile neno la Baba Mdogo lililokuwa linatafuta mdomo wa kutokea. Kioko aligeuza shingo akanitazama. Mumbua hakugeuka. Alisogea tu mpaka mgongo wake ukagusa magoti yangu.

Kisha Pilipili akaingia akipuliza moshi. Akasema atamchukua mdogo kwanza, kwa kuwa ni mwepesi. Hilo nalo nililitafsiri, na hilo lilikuwa sawasawa kabisa, bahati mbaya. Akajifunga kwenye behewa la njano. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Wawili waliobaki wakaita. Behewa la njano likageuza macho yake makubwa, likauliza, "Mnanipeleka wapi?"

Stima ikapotea, televisheni ikazimika.

"Asi!" Mama Kasyoka akapiga paja. "Hawa watu wa stima wana roho gani?"

Tulikaa tukikitazama kile kioo cheusi. Ndani yake tulijiona sisi wenyewe, watatu, wadogo sana, tumepangwa ukutani. Tulingoja mpaka giza likaingia na Mama Kasyoka akawasha taa ya mafuta, akatuambia kwa upole twende tukapike. Stima haikurudi mpaka kesho yake, na kesho yake kikaonyeshwa kipindi kingine, cha Susu na mbuzi waliolala kwenye reli. Mambo yalikuwa ya kuchekesha. Watoto wengine wa jirani walicheka. Sisi tulikuwa tunatafuta nyuma ya kila kichwa cha treni, kwenye kila reli ya kando, na wale watatu hawakuonekana hata mmoja. Alhamisi pia hawakuonekana.

Jioni ya Alhamisi tulipokuwa kwenye uteo, Kioko alikuwa na swali moja.

"Walianza na mdogo kwa sababu ni mwepesi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na angekuwa mzito?"

"Sijui, Kioko."

"Pilipili hangeweza kumvuta," akasema, akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Angemwacha." Akavuta konzi nyingine ya maharagwe. Kisha, bila kuinua macho: "Nduku, Jumamosi kuna nini?"

"Kuna wageni."

"Wageni wa kula ama wageni wa kugawa?"

Kumbe alikuwa amesikia shuleni. Nilifungua mdomo nimdanganye, na kwa mara ya kwanza sikuweza kutunga. Kioko akaelewa, na Mumbua, ambaye tulidhani anachezea maganda, akaelewa pia.

Tangu hapo hofu ilikaa nasi kama mtu wa nne ndani ya nyumba. Pikipiki ikipita barabara ya juu tuliacha kula. Kioko alifunga komeo la mlango, akalijaribu, akalifungua, akalifunga tena. Mumbua, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani miaka miwili iliyopita, alianza tena, na asubuhi alisimama kando ya godoro akijaribu kulificha kwa mwili wake mdogo. Halafu akaanza kula. Alikula sehemu yake na kuomba yangu. Alikunywa maji mpaka akahema. Ijumaa asubuhi alinijia mikono juu.

"Niinue."

Nikamwinua.

"Niko mzito?"

"Uko mzito."

"Kama nani?"

"Kama debe la mahindi."

Alifikiri. "Bado," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Jumamosi walifika kabla ya saa nne. Baba Mdogo alikuwa na wazee wawili wa ukoo. Shangazi Kamene, dada ya baba, alitoka Mlolongo, amevaa viatu vyeupe ambavyo matope ya kwetu hayakuvihurumia. Walijaa sebuleni, magoti kwa magoti. Mama Kasyoka alinisaidia kupika chai, na kwa kuwa watoto hawaketi katika kikao cha ukoo, Kioko na Mumbua walitumwa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa na birika. Mwenye birika huingia na kutoka, wala hakuna anayemwona.

Waliomba. Walimsifu mama. Kisha Baba Mdogo akaishikilia kofia yake juu ya goti, akasema bila kuzungukazunguka: Kioko aende naye Muthetheni, kuna mbuzi wa kuchunga na shule iko karibu. Mumbua achukuliwe na Shangazi. Nduku ni mkubwa, ana mikono, na kuna mama mmoja Mlolongo anatafuta msichana wa kumsaidia nyumbani. Nyumba ifungwe. Alisema hayo yote akitazama sakafu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Niligundua kwamba kikombe ninachokimiminia kilikuwa kimejaa kitambo na chai ilikuwa inamwagika juu ya meza.

"Basi tuanze na kadogo," akasema Shangazi, akitafuta viatu vyake. "Nirudi naye leo kabla mvua haijanyesha. Si huyo ni mwepesi tu, nitambeba kwa paja."

Mwepesi. Sitawaficha: wakati ule nilisikia filimbi. Najua haikuwepo. Lakini niliisikia, tatu fupi na moja ndefu.

Shangazi akaita. Mumbua akaja. Alikuja polepole sana, miguu imetanuka, amevaa sweta ya mama iliyomfika kwenye visigino, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa juhudi. Shangazi akafungua mikono.

"Kuja kwa shangazi, mrembo wangu." Akamshika makwapani, akavuta juu, akashindwa. "Asi! Huyu mtoto analishwa nini?"

Akavuta tena, kwa nguvu. Mfuko wa sweta ukapasuka. Mawe yakamwagika juu ya saruji: mawe ya mtoni, mawe ya jikoni, kipande cha tofali, jiwe moja la mviringo ambalo mama alisagia viungo. Mengine yalitoka ndani ya gauni, alikoyafunga kiunoni kwa kitambaa. Moja likabiringika hadi kwenye kiatu cha mzee mmoja, likasimama hapo. Nilimwona Kioko mlangoni, na kwa jinsi alivyotazama lile fundo kiunoni kwa Mumbua nilijua nani amelifunga.

Shangazi alichuchumaa mbele yake. Kisha Shangazi akauliza, kwa sauti nyingine kabisa:

"Mawe ya nini, mwanangu?"

"Ya kukuwa mzito."

"Uwe mzito kwa nini?"

"Ndio Pilipili asinivute."

Watu wazima wakatazamana. "Pilipili ni nani?" akauliza mzee mwenye jiwe kiatuni. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi na birika langu.

Ilinibidi nieleze. Mbele ya ukoo, katika siku ya maana kuliko zote nilizowahi kuishi, nilisimama nikasimulia kipindi cha katuni. Nikasimulia mvua na mwavuli na kapo iliyokufa. Nilikuwa nasikia jinsi ninavyochekesha, na sikuweza kuacha.

"Ngoja, msichana," akasema mzee. "Treni inaongea?"

"Inaongea, mzee. Kiingereza."

"Na iko na baba na mama?"

"Walikuwa nao."

Mzee mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Baba Mdogo hakucheka. Alikuwa anayatazama mawe yale kama mtu anayesoma barua.

"Halafu ikawaje?" akauliza.

"Stima ilipotea, Baba Mdogo. Hatujui."

Hapo ndipo maneno yakanitoka. Sikuwa nimeyapanga, sikujua hata kwamba ninayo. "Msituachanishe. Nitaacha shule. Nitawaangalia mimi."

"Utawalisha na nini?"

"Na mikono. Umesema niko na mikono."

Msichana hajibu hivyo, na kila mtu mle ndani alijua. Nilingoja kofi. Badala yake sauti ilitoka mlangoni, nyuma ya Kioko, ya mtu asiyekuwa na haki yoyote ya kusema katika kikao cha ukoo wa watu.

"Mimi naishi hapo ng'ambo ya ua," akasema Mama Kasyoka, mikono yake ikiwa bado na unga. "Kila asubuhi nikiamka naona jiko lao. Siku nitakosa kuona moshi, nitawaita nyinyi wenyewe mje mchukue kila mtu wenu. Lakini leo moshi uko."

Walizungumza saa nzima zaidi, mlango umefungwa, na safari hii hata birika halikuruhusiwa. Tulikaa nyuma ya nyumba, Mumbua katikati, mawe yake yote yamerudishwa kiunoni kwa sababu alikataa kukaa bila hayo. Mlango ulipofunguliwa, Baba Mdogo alipita kando yetu akivaa kofia. Hakusimama. "Mpaka mavuno," akasema, kwa hewa, wala si kwetu. Kisha akapanda kilima kwenda kutafuta pikipiki, mgongo wake mrefu umenyooka. Nikauchukia mgongo ule kwa miaka mingi.

Jumatatu nilirudisha vitabu vya shule. Mwalimu aliuliza nitarudi lini, nikasema muhula ujao, na nilikuwa naamini.

Msidhani hofu iliisha. Ilibadilika tu ikapata saa yake. Kila siku niliamka kabla ya jogoo wa Mama Kasyoka, nikawasha moto. Kulikuwa na asubuhi za uji, na kulikuwa na asubuhi ambazo hakukuwa na kitu, na hizo niliweka sufuria ya maji matupu juu ya mafiga na kuongeza kuni mbichi ili moshi uwe mnene. Nilifanya vibarua vya palizi. Nilifua nguo za watu. Fundi mmoja wa cherehani pale sokoni alinipa kazi ya kufagia vipande, baadaye ya kushona vifungo, baadaye kiti mbele ya cherehani. Mavuno yakaja na ukoo haukuja. Nikahesabu mavuno mengine, na mengine, nikingoja pikipiki isimame barabara ya juu. Kioko alikwisha kuwa fundi mwashi mwenye ndevu, na bado kuna asubuhi nilizokurupuka nikitafuta kiberiti.

Baba Mdogo alitutembelea kwa nadra, alileta gunia la mahindi au jogoo, alikaa bila kuvua kofia, akaenda. Nilimpa chai. Sikumpa zaidi ya chai.

Kisha ukaja mwaka mbaya, mvua mbili mfululizo zikakosa, na mbegu zangu zote za mahindi zikaliwa na fukusi ndani ya ghala. Sikuwa na pa kwenda ila Muthetheni. Nilimkuta amezeeka, anatembea kwa fimbo. Hakuuliza maswali. Alinipeleka ghalani, akafungua kibuyu, akanichotea nusu tu ya nilichohitaji. Kisha tukaenda jikoni, akashusha kibuyu kingine kilichoning'inia juu ya moshi. "Na kingine kiko kwa jirani," akasema.

"Kwa nini usiweke mahali pamoja, Baba Mdogo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini analala macho yakiwa yamefumba.

"Nyumbani kwetu tulikuwa watoto watano," akasema. "Wewe unawajua wangapi?"

Niliwajua watatu: baba, yeye na Shangazi Kamene.

"Mwaka wa njaa, mamangu alikataa kutugawa. Watu walikuja, mjomba alikuja, yeye akakataa. Alisema tutakula pamoja ama tutakosa pamoja." Akafunga kibuyu kwa gunzi, akaligonga kwa kiganja likaingia. "Tulikosa pamoja. Wawili waliisha wiki moja. Mimi nilikuwa nimelala katikati yao."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Alitafuta mfuko wa pili, hakuutazama uso wangu.

"Ile Jumamosi yenu, nilitoka huku bila kula. Mikono ilikuwa inatetemeka, ndio maana nikashika kofia. Na nyinyi mlikuwa mnaniangalia kama mwizi. Nikasema sawa, waniangalie hivyo, bora wabaki hai, wote watatu."

Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa na miaka zaidi ya ishirini, mwenye cherehani yangu mwenyewe, na nikajikuta nimesimama tena na birika, nikimwaga chai mezani.

Aligawa mbegu katika mifuko miwili. Mmoja akanipa. Wa pili akauweka kando, akasema atautuma kesho na mtu mwingine, kwa njia nyingine. Nilitaka kumwambia kwamba hiyo ni kazi bure, kwamba naweza kubeba yote, kwamba hakuna kitu kinachotokea kati ya Muthetheni na Mitaboni. Badala yake nikasema, "Asante, baba," wala si Baba Mdogo, na akanijibu "mwaitu", mama yangu, kama wazee wetu wanavyomwita binti wanayemheshimu. Mfuko wa pili ulifika kesho yake mchana, umefungwa vizuri, haukupungua hata punje.

Bado naamini nilifanya vema kukataa siku ile. Ningekataa tena, na ningelipa bei ileile. Lakini kwa miaka yote ile nilikuwa nimewasimulia wadogo zangu, na kujisimulia mwenyewe, kwamba katika chumba kile walioogopa walikuwa watoto watatu, na wengine walikuwa wagawaji. Hilo nalo nililitafsiri vibaya. Alikuwepo wa nne, kijana wa zamani aliyelala katikati ya ndugu wawili waliopoa, akitafuta kwa njia pekee aliyoijua namna ya kuhakikisha kwamba safari hii angalau mmoja ataamka.